Nibadilishe mwalimu wa mazoezi, au kosa ni langu mwenyewe?

Mhasibu wa Tabata

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za wakati huu.

Nina jambo ambalo limenikosesha raha kwa wiki tatu, ingawa kwa asiyehusika linaweza kuonekana dogo. Nina miaka 46, ni mhasibu, na kazi yangu ni ya kukaa kitini kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni eneo la Posta, Dar es Salaam. Ukiongeza na foleni ya kurudi Tabata, miguu yangu hupata kazi kidogo sana kwa siku nzima. Mwaka jana daktari alinikuta na presha, akaniandikia dawa na kunisisitiza nianze mazoezi. Nilijiandikisha katika jimu moja iliyo karibu na nyumbani, nikapewa mwalimu wa peke yangu, kijana ambaye hajafika miaka 30, na sasa nimekuwa naye kwa miezi 11, siku tatu kwa wiki, saa moja kila siku.

Sitaki kumdhulumu kwa maneno. Katika miezi mitatu ya kwanza nilipungua kilo 6, nikaanza kupanda ngazi hadi ghorofa ya nne pale ofisini bila kusimama njiani, na usingizi wangu ukatulia. Tatizo ni kwamba tangu hapo hakuna kilichosogea. Dambeli za kilo 5 nilizokuwa nikinyanyua wakati ule ndizo ninazonyanyua leo, kwa seti zile zile tatu za mara kumi kumi, na mizani imegoma mahali pamoja. Kila Jumatatu mwalimu huniuliza, "Mama, mara ya mwisho tulifanya miguu au mikono?" Zamani nililichukulia swali hilo kuwa mazungumzo tu, lakini siku moja nilijiuliza: ikiwa mimi ndiye ninayekumbuka, yeye namlipa kwa kazi gani? Saa 12 jioni, ambao ndio muda wangu, huwa anasimamia wengine watatu pamoja nami, na katikati ya seti namwona akijibu ujumbe kwenye simu.

Yapo na mengine mawili. Goti langu la kulia huuma upande wa ndani ninapochuchumaa nikiwa na uzito, na nilipomweleza alinijibu kwamba nivumilie, mwili unazoea. Pia aliniagiza ninunue saa ya mkononi inayopima mapigo ya moyo, akapiga hesabu kwamba 220 ukitoa umri wangu inabaki 174, kwa hiyo kwenye mashine ya kukimbilia ni lazima nifike angalau 140 ndipo mafuta yaungue. Sijawahi kuvuka 115. Natweta, jasho linanitoka mpaka soksi zinalowa, lakini saa inaonyesha 112, naye hucheka na kuwaambia wenzangu kwamba mama leo anategea.

Sasa sikieni kinachonifunga mikono. Baba yangu alipofariki, kijana huyu alifika msibani siku ile ile ya kwanza, akalala na wanaume nje kwenye turubai, akashika sepetu makaburini, na jina lake lipo katika daftari la rambirambi la familia yetu. Mtu aliyefukia kaburi la baba yako unamwambiaje kwamba humhitaji tena?

Mfanyakazi mwenzangu amenipeleka kwa mwalimu mwingine, mwanamke, huko Sinza. Siku ya kwanza hakunigusisha chuma chochote. Alitumia karibu dakika 40 kuniuliza kuhusu dawa, uzazi, usingizi na kazi, huku akiandika. Nilivutiwa mno. Bei yake ni shilingi 280,000 kwa mwezi, wakati sasa ninalipa 150,000. Lakini kipya kinyemi, nami sijui kama nimempenda kwa kazi yake au kwa sababu tu alinisikiliza. Tena nakiri kwamba Jumapili kwetu ni pilau na soda, na chai yangu ya ofisini ina sukari vijiko vitatu. Je, nimbadilishe mwalimu, au ninamtwika kijana wa watu makosa yangu?

Mzee wa Ngazi

Hama. Umeeleza mwenyewe kila kitu kinachohitajika ili mtu afanye uamuzi, kisha ukajificha nyuma ya msiba. Rambirambi hulipwa kwa rambirambi; siku akifiwa yeye, wewe nenda ukakeshe na ulete chako, na hapo mtakuwa mmelipana. Ada ya mwezi ni habari nyingine kabisa. Mimi binafsi nilikwisha kuachana na walimu wote, kila alfajiri natembea kwenye Daraja la Tanzanite kwenda na kurudi kwa njia ya waenda kwa miguu, upepo wa bahari ninaupata bure, na sijaulizwa na mtu kama jana nilifanya miguu au mikono.

Abu Salma, Mombasa

Dada yangu, salamu kutoka Mombasa. Naomba usiharakishwe na mzee aliyetangulia, ingawa kwa hoja ya msiba amesema kweli.

Mimi ni mtu niliyebadilisha walimu watatu ndani ya miaka miwili, na kila mara nilikuwa na sababu nzuri ya kueleza. Wa kwanza nilimwacha kwa sababu alikuwa akichelewa. Wa pili alipenda sana mambo ya kuruka ruka, na mimi nina kilo 104. Wa tatu alihamia Nairobi, hilo si kosa lake. Nilichokuja kukigundua ni kwamba kila mwalimu mpya huanza kwa kuyatia kasoro mafundisho ya mwenzake: huyu ananiambia mgongo wangu umefundishwa vibaya, yule ananiambia nilianza na uzito mkubwa kabla ya wakati, na wote hao wananirudisha kwenye darasa la kwanza nikashike fimbo ya ufagio. Kwa hesabu yangu, katika miaka hiyo miwili nilitumia zaidi ya miezi minane nikijifunza upya jambo ambalo nilikuwa nalijua, tena kwa kulipa.

Kwa hiyo swali ambalo ningetamani uulizwe na mtu wa karibu yako ni hili: je, umewahi kumwambia? Simaanishi kulalamika kuhusu goti huku seti inaendelea na muziki unapiga. Namaanisha kuketi naye chini, mazoezi yakiwa yamekwisha, ukamwambia kwamba una miezi minane hujasogea, kwamba unataka uzito uandikwe, kwamba kutaniwa mbele ya watu kunakuumiza. Katika maelezo yako yote marefu sikuona mahali uliposema hivyo, na kijana wa umri huo akiitwa na mama wa umri wako hawezi kujua kwamba amekukosea mpaka aambiwe, kwa sababu na wewe kwa adabu yako unamchekea. Mpe mwezi mmoja wa ada, umweleze wazi kwamba ni mwezi wa kumtazama, halafu uamue. Ukihama bila kusema, hata huko Sinza utafika siku ya kunyamaza.

Kuhusu chai, punguza hata kijiko kimoja kabla hujabadilisha mtu yeyote. Nasema kama mtu aliyeshindwa na mahamri kwa muda mrefu.

Mwalimu wa Vyuma, Arusha

Nimefundisha mazoezi kwa miaka 12, kwa hiyo nitasema kama mtu ambaye ameachwa na wateja wengi, wengine kwa haki na wengine bila haki.

Nianze na upande wa kijana. Katika kumbi nilizopitia, ada ya mteja haiingii yote mfukoni mwa mwalimu. Ukumbi huchukua fungu lake, mara nyingine nusu nzima, na kinachobaki hakifiki kodi ya chumba mpaka mwalimu awe na wateja wengi. Na wateja wenye ajira wote wanaitaka saa ile ile ya 12 jioni. Ndiyo maana unamwona na watu wanne. Sitetei, naeleza tu kwamba jambo hilo halitokani na dharau, na pia kwamba unaweza kulikuta lile lile Sinza baada ya mwezi wa kwanza. Muulize yule mama wazi kabisa kama saa utakayoilipia ni yako peke yako.

La kutoandika, hilo sina utetezi nalo. Mwili huongeza nguvu unapodaiwa kidogo zaidi ya ulichokizoea, na hili si jambo la mitindo ya mitandaoni. Katika miaka ya 1940 daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alikuwa na askari walioumia magoti na mapaja, akawapa vyuma vizito ambavyo viliongezwa kadiri walivyopata nguvu, wakati ilipozoeleka watu wa namna hiyo wapewe mazoezi mepesi. Seti tatu za mara kumi ambazo leo kila jimu inazitumia zina asili katika kazi yake. Kijana wako amerithi zile kumi kumi, akaiacha sehemu iliyokuwa na maana, yaani kuongeza. Ukiweza kunyanyua kilo 5 mara 12 kwa siku mbili mfululizo bila mwili kuyumba, unaongeza kilo 1 au 2, unarudi kwenye mara 8, kisha unapanda tena polepole. Mwalimu asiyeandika hawezi kufanya hivyo kwa wateja 20, hata awe na kumbukumbu ya ajabu kiasi gani. Mimi mwenyewe nilianza kuandika baada ya kumfanyisha mteja mmoja miguu siku mbili mfululizo. Alinipigia simu siku ya tatu akiwa ameshindwa kushuka kitandani.

Nakuunga mkono pia kuhusu kipya kinyemi, maana kina sababu yake ndani ya mwili. Mtu akipewa zoezi asilowahi kulifanya, katika wiki za mwanzo uzito anaoumudu hupanda haraka sana, na sehemu kubwa ya kupanda huko si misuli kukua bali ni neva kujifunza namna ya kuituma misuli iliyokuwepo. Kwa sababu hiyo kila mwalimu mpya huonekana mganga kwa wiki sita hadi nane. Ukienda Sinza, usihukumu kwa miezi miwili ya kwanza, kwani na huyu wa Tabata alikung'arisha kwa miezi mitatu ya kwanza, sivyo? Hukumu kwa mwezi wa tano. Na mwili uliopungua kilo 6 unahitaji chakula pungufu kidogo kuliko ule wa mwanzo, hivyo sahani iliyokuwa ikikupunguza mwaka jana sasa inakuweka palepale. Mwalimu anakuona saa 3 katika wiki yenye saa 168. Hapo dhambi mmegawana.

Kabla ya kulipa mwezi mzima, lipia siku moja tu ya majaribio. Mweleze habari ya goti, halafu nyamaza umtazame. Akikwambia tatizo lako kabla hajakuona ukichuchumaa, rudi nyumbani.

Ukiamua kuondoka, mwambie kijana kwa mdomo wako kabla mwezi haujaisha. Wateja walioniumiza ni wale walioniambia wanasafiri, nami nikakutana nao jimu ya jirani wiki iliyofuata wakijificha nyuma ya mashine. Aliyeniambia "mwalimu, nimepata kinachonifaa zaidi" nilimkasirikia siku mbili, na leo ananiletea wateja.

Mhasibu wa Tabata

Nawashukuru nyote, hata Mzee wa Ngazi. Abu Salma, umenishika pabaya: ni kweli sijawahi kumwambia. Nimekuwa nikimwachia dalili, kama vile kununa na kutazama saa, nikidhani ataelewa. Nimemuuliza mume wangu kama huwa ninamfanyia na yeye hivyo, amecheka akaondoka.

Mwalimu wa Vyuma, jana nilikaa nikaandika kwa kumbukumbu kila zoezi na uzito wake tangu mwanzo. Ukurasa haukujaa.

Fundi Viungo

Nafanya kazi ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, na ningependa tuahirishe kidogo habari ya nani abaki na nani aondoke, kwa sababu kuna jambo limepitwa. Dada, dawa ya presha unayotumia inaitwaje?

Mhasibu wa Tabata

Atenolol, kidonge kimoja kila asubuhi, pamoja na nyingine ya kukojosha. Kwa nini?

Fundi Viungo

Nilihisi hivyo. Atenolol imo katika kundi la dawa ziitwazo beta-bloka, ambazo kazi yake ni kuuzuia moyo usiitikie adrenalini, ile homoni inayouharakisha moyo, kwa nguvu zote. Mtu anayeitumia hata akikimbia kupanda mlima moyo wake hautapiga kwa kasi ambayo ungepiga bila dawa. Kwa maneno mengine, saa yako ilikuwa inasema kweli na mwalimu wako alikuwa anaisoma kwa hesabu isiyokuhusu. Hukuwa unategea. Ulikuwa unafanya kazi kamili huku dawa ikiushika moyo hatamu, kama ilivyokusudiwa na daktari, na kukulazimisha ufike 140 kulikuwa ni kukulazimisha uishinde dawa yako mwenyewe.

Hata kwa asiyetumia dawa yoyote, ile 220 kutoa umri ni wastani wa watu wengi na haimpimi mtu mmoja. Ilisambaa kutokana na maandiko ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, na watu wawili wenye umri sawa wanaweza kupishana kwa mapigo zaidi ya 10 kila mmoja akiwa mzima kabisa. Kwa mtu kama wewe tunatumia kipimo cha kujihisi. Msweden Gunnar Borg alitengeneza ngazi inayoanza 6 hadi 20, ambapo 6 ni kukaa tu na 20 ni kushindwa kabisa, na mazoezi ya wastani huangukia kwenye 12 au 13. Njia nyepesi zaidi ni mdomo wako: ukiweza kusema sentensi nzima lakini huwezi kuimba, upo mahali pazuri, ukishindwa hata kumaliza sentensi, punguza mwendo. Usikatishe dawa ili saa ipande, na ninalitaja hili kwa sababu nimewahi kukutana na mtu aliyefanya hivyo; beta-bloka ikiachwa ghafla inaweza kuudhuru moyo. Mwulize daktari wako kama dawa hiyo bado ndiyo inayokufaa sasa kwa kuwa unafanya mazoezi, halafu mfuate yeye. Mwishoni mwa mazoezi usisimame ghafla, tembea dakika tano au zaidi, na unapobeba vyuma usibane pumzi, kwani kubana pumzi huipandisha presha kwa kishindo.

Goti nalo lisivumiliwe hivyo. Maumivu ya misuli iliyofanyishwa kazi mpya huja baadaye, hukolea kati ya saa 24 na 72, huenea kwenye nyama ya paja, kisha huondoka yenyewe. Maumivu yako yapo kwenye sehemu moja ya kiungo, upande mmoja, na yanakuja wakati ule ule unapochuchumaa. Hayo ni ya kuchunguzwa. Hospitali za rufaa kama Muhimbili zina idara za fiziotherapia, na mara nyingi tiba yenyewe ni mazoezi ya mapaja na nyonga, ila yaliyopangwa kwa ajili yako. Mpaka utakapoonwa, chuchumaa bila uzito na uishie kwenye kimo cha kiti, au kimo chochote ambacho hakiumi. Goti likivimba au likikwama, usisubiri.

Nikirudi kwenye swali lako, kosa kubwa la kijana huyu kwa maoni yangu si simu wala wale watu wanne. Miezi 11 anamfundisha mtu aliyetumwa na daktari kwa sababu ya presha, na hajawahi kumuuliza anameza nini. Fomu fupi ya maswali 7 ambayo Wakanada waliitunga tangu miaka ya 1970 kwa ajili ya watu wanaotaka kuanza mazoezi ina swali la dawa za presha na swali la viungo. Inajazwa kwa dakika tano.

Mwalimu wa Vyuma, Arusha

Fundi, nakiri mbele ya watu: maswali ya dawa huwa ninauliza, lakini sikujua kwamba kundi hilo linaishika saa ya mapigo namna hiyo. Kuna mzee mmoja hapa kwangu ambaye nimemsumbua sana mwaka huu. Kesho asubuhi nina maneno ya kumwambia.

Mhasibu wa Tabata

Mniwie radhi kwa kuchelewa kurudi, zimepita wiki tano.

Nilikwenda kwa daktari kwanza. Baada ya kunipima na kunisikiliza aliamua niendelee na dawa ile ile kwa sasa, akaniandikia kwenye karatasi kwamba nisifuate namba ya mapigo, nifuate kuhema kwangu. Goti limeonwa na fiziotherapia. Nimepewa mazoezi manne ya nyumbani, mawili ya kulala kwenye mkeka na mawili ya kutumia kiti, na tangu wiki ya tatu nimeanza kushuka ngazi za ofisini bila kushika reli.

Kisha nikafuata ushauri wa Abu Salma. Nilimwomba mwalimu tukae nje ya jimu kwenye mabenchi ya muuza juisi, nikamwonyesha ule ukurasa wangu ambao haukujaa. Alinyamaza muda mrefu kiasi kwamba nilitaka kumbembeleza, lakini nilijizuia. Alisema hakujua kama utani wa kutegea ulinikera, akaniomba radhi, na Jumatatu iliyofuata alikuja na kauntabuku mpya lenye jina langu kwenye jalada. Kwa wiki tatu aliandika kila kitu, nikatoka kilo 5 hadi kilo 7 kwa mikono, na hakunitania tena. Ningesema uongo kama ningesema hakubadilika.

Hata hivyo, saa 12 jioni bado tulikuwa wanne, na siku mbili nilimkuta ameandika uzito wa mtu mwingine kwenye ukurasa wangu. Nilikwenda Sinza kwa siku moja ya majaribio, nikamtajia goti, nikanyamaza kama nilivyofundishwa. Yule mama alinitazama nikichuchumaa mara tano bila chochote mkononi, akanitazama kwa ubavuni, akataka kusoma karatasi ya fiziotherapia, ndipo akasema kwamba kwa wiki za mwanzo hataongeza kitu chochote juu ya nilichopewa hospitali. Saa ni yangu peke yangu, ila tumekubaliana siku mbili kwa wiki badala ya tatu, kwa shilingi 190,000, na siku nyingine natembea mwenyewe jioni. Nimehamia huko kuanzia tarehe 1.

Kijana nilimwambia siku nne kabla ya mwezi kwisha, kwa mdomo wangu, kwenye mabenchi yale yale. Aliinama kidogo, akasema, "Sawa mama, nimekuelewa." Tulipokuwa tunaagana aliniita tena, akaniomba nimtajie jina la ile dawa herufi kwa herufi, akaliandika kwenye simu yake, kwa kuwa asubuhi anafundisha mama mmoja wa miaka 60 na mume wake, na wote wawili wana presha.